Mama Viti na kiti asichokikagua

Saa mbili asubuhi, katika stoo nyuma ya ukumbi wa mtaa, mwanamke mmoja anakaa kwenye kiti cha plastiki, anajitikisa kulia na kushoto, anainuka, anahamia cha pili. Ndivyo atakavyofanya hadi viti vyote mia mbili viishe. Kisicholalamika kinatolewa nje. Kinacholia kinawekwa pembeni kusubiri kufungwa waya.

"Kiti nisichokikalia mimi hakikaliwi na mgeni," anasema huku akihema.

Kwa kazi ni fundi cherehani, lakini mtaani hakuna anayemwita fundi. Anaitwa Mama Viti. Kwa zaidi ya miaka ishirini amejitolea katika klabu ya huduma za jamii, ile inayozibua mitaro na kuandaa upimaji wa macho, na popote klabu inapokusanya watu, viti ni juu yake. Wenyeviti wamekuja na kuondoka. Mwenye viti ni yuleyule. Ufunguo wa stoo anauvaa shingoni kwa kamba, na mumewe, dereva mstaafu, anadai hata akioga hauvui.

"Nilimwoa mimi, kumbe ameolewa na stoo," analalamika mzee huyo, ambaye hata hivyo ndiye anayemkatia waya.

Leo klabu inamtunuku mtu, na jina ni siri. Mtaa mzima unalijua, isipokuwa mpanga viti.

Kinachomkera ni kiti cha mbele. Kamati imekodi kimoja kirefu cha rangi ya dhahabu, na alipotaka kukijaribu mwenyekiti akamzuia: hakikaliwi na mtu kabla ya mgeni anayetunukiwa. Ametii kwa shingo upande.

Saa nane ukumbi umejaa, kiti cha dhahabu kitupu. Mama Viti anamfuata mwenyekiti na kumweleza, kwa sauti inayofika safu ya nyuma, kwamba mtu asiyejali muda wa wenzake hastahili hata kikombe cha chai, sembuse tuzo. Mwenyekiti anakohoa, anachukua kipaza sauti, analitaja jina la Mama Viti.

Anaduwaa. Kisha linakuja jambo aliloliogopa miaka yote bila kumwambia mtu. Kamati inataka apumzike, akabidhi ufunguo. Anauvua taratibu. Mumewe, yule mlalamikaji, anatazama chini na kufuta macho.

Anapewa tuzo na kuongozwa kwenye kiti cha dhahabu. Anakaa. Kwa mazoea tu, anajitikisa kulia, kushoto.

Mguu mmoja unakatika. Mama Viti yuko sakafuni, tuzo mapajani, na ukumbi mzima umeshika mdomo.

"Hiki," anauliza kwa upole, bila kuinuka, "alikikagua nani?"

Mwenyekiti anainama na kumvalisha tena ufunguo, kabla hata hajampa mkono wa kumwinua.

Watu wakishatawanyika, Mama Viti yumo stoo, anaufunga waya mguu wa dhahabu. Kustaafu atastaafu, anasema, na mpango anao: ufunguo atampa yeyote atakayekubali kukalia viti vyote kabla ya kila shughuli. Tayari wanakamati wawili wamejaribu mchana huohuo.

"Wameishia cha kumi, wakasema migongo inauma," anasema. Anakikalia kiti cha dhahabu, anajitikisa, anaridhika. "Nitawasubiri tu. Kazi yangu si kukaa?"