Kisima cha Marehemu Hamissi

Alipofiwa na mumewe, Hamissi fundi magari, Mwanvua hakulia sana. Alichimbisha kisima. Pale uani kwake, mtaani Carama, maji yakawa ya bure, Mwislamu na Mkristo wote wateke, na kila ndoo inayojaa ipeleke thawabu kaburini. Hamissi alikuwa mtu wa matusi, na sisi majirani tulikubaliana kwamba thawabu alizihitaji.

Kisha mama yake naye akafariki. Angefanyaje, ampe mume sadaka amnyime mzazi? Akajenga choo cha bure, karibu kabisa na kisima, ili wanaongoja maji wasihangaike. Hamissi na mama mkwe wake hawakuwahi kuelewana duniani. Sasa wakawa majirani.

Mwaka huu matumbo yalitusumbua kartie nzima, mtaa wote. Mtoto wa Consolate, wa nyumba ya pili, alilazwa hospitalini akatundikiwa chupa ya serumu. Binti wa maabara aitwaye Chanelle akaja kuchota maji ya kupima. Aliporudi na majibu alisimama kati ya kisima na choo, akatazama huku na huku.

“Mama, uchafu ya choo inapita mu udongo, inaingia mu kisima.”

“Choo ni ya mama yangu,” Mwanvua akasema. “Kisima ni ya bwana yangu.”

“Udongo haijue ivyo, mama.”

Mwanvua akauliza kama akifunga choo maji yatapona. Chanelle akasema pengine, baada ya miaka. Siku ileile choo kikapigwa misumari na kisima kikatiwa kufuli. Mimi nilimwonea huruma, ingawa tumbo langu lilikuwa bado linanguruma.

Kesho yake asubuhi Consolate akaja na bidoni, dumu lake la maji, akakuta kufuli.

“Mama Mwanvua, unanifungia juu ya kuwa mi ni Mukristo?”

Mwanvua angeweza kusema kamba ya kisima imekatika. Sote tungeitikia, na Hamissi angebaki na jina lake jema, alilolipata akiwa tayari amekufa.

“Apana,” Mwanvua akasema, mbele yetu wote. “Maji ya Hamissi ndiyo ililaza mutoto yako. Ni mi nilikuwa namupa ile maji.”

Nilingoja matusi. Consolate aliweka bidoni chini, akaketi juu yake.

Mwanvua akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mchele:

“Sasa ile yote nilikuwa namutumia Hamissi kule kaburini, ilikuwa nini?”