Sahani ya Kombe

Nimeambiwa mara nyingi, na neno hilo bado linanichoma, eti vyombo vya kung'aa pwani hii vilikuwa vya watu wa ng'ambo, sisi vyetu ni vyungu basi. Walioniambia wamesoma. Mimi nilisomeshwa na bibi yangu, mzaa baba, katika chumba cha kupanga Kariakoo, na elimu yake sibadilishani na mtu.

Bibi alikuja mjini kutoka Kilwa na kopo la vigae vya vyombo vya kale alivyookota ufukweni usichanani mwake. Alivimwaga mkekani nikavitambua kwa vidole. Cha kijani kizito, laini kama kokoto ya mtoni, ni cha Uchina. Cheupe chenye maua ya bluu ni cha huko huko, ila kilikuja baadaye. Kile cha rangi ya bahari, chenye udongo wa manjano unaomomonyoka, ni cha Uajemi, na ndicho cha zamani kuliko vyote. "Juu kioo, chini udongo," alisema. "Tazama pale kilipovunjika, utajua kwao wapi."

Kizima alikuwa nacho kimoja tu, sahani nyeupe ya maua ya bluu aliyorithi kwa mama yake. Hatukuilia chakula. Ilikuwa ya kombe: mtu akiugua, mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika aya ndani yake kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Chungu kisingefaa, kingeinywa dawa chenyewe. Jirani yetu Mkristo, mama kutoka Kilimanjaro, alimtoa mwanawe hospitali na bado akamleta kwa bibi. Sasa mtu aniambie sahani hiyo ilikuwa ya Wachina.

Ule mwaka tuliopanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, baba mdogo akaamua ile sahani iuzwe. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba tangu baba yangu afariki. Mwenye duka la vitu vya kale kule Mchafukoge alikuwa akiitaka. Bibi alikataa, akakataa tena.

"Mama, hayo mambo ya kizamani," baba mdogo alimwambia. "Sisi tunajenga taifa."

Taifa gani linajengwa kwa kuuza vyombo vya mama yako? Sikuuliza, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nauliza sasa.

Asubuhi ya kuja mnunuzi baba mdogo aliniambia niioshe. Bibi kwa kawaida aliiosha mwenyewe, kwa maji na kitambaa, lakini siku ile alijifunika khanga akageukia ukutani. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini, masufuria tukisugua kwa mchanga na jivu, na kwa kazi hiyo nilikuwa hodari mpaka majirani wakiwasema binti zao kwa ajili yangu. Nikaenda nayo uani, nikachota mchanga. Nilisugua kwa nguvu zangu zote huku nalia, maana nilitaka iondoke kwetu ikiwa inametameta.

Mnunuzi aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuzageuza.

"Nani kaiosha?"

"Mimi. Shikamoo."

Akapitisha ukucha juu yake. Kile kioo cha juu ya udongo kilikuwa kimejaa mikwaruzo katikati yote, na maua yalionekana kama kwa nyuma ya ukungu. Akaiweka chini. "Hii imekwisha," akasema, akaenda zake.

Baba mdogo akavua mkanda. Bibi alikuwa mzito wa kuinuka, goti lilimsumbua, lakini siku ile alisimama kati yetu kabla sijapiga kelele.

"Anza na mimi," akamwambia.

"Mama, mtoto kaiharibu sahani!"

"Imeharibika kwa kuuza. Kwa kunywea haijaharibika."

Baba mdogo akateremsha mkanda bila kupiga. Akataka angalau nipige magoti nimwombe radhi mbele ya wapangaji wote.

Nilipiga magoti, ila nilimgeukia bibi, nikamwomba yeye radhi, kwa sababu chombo chake nilikuwa nimekiumiza kweli. Baba mdogo sikumwomba. Sikumwomba siku ile, wala siku tuliyomzika, na sijuti hata kidogo.