Mafuta ya Baraka Kwenye Breki

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana hapa Arlington kila anayesimulia kisa hiki ananiongezea ujinga, kana kwamba niliokuwa nao siku ile haukutosha.

Baba yake Makena, mchumba wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Meru, na ilibidi tumpeleke Houston kwa mjomba wangu wazungumze mambo ya posa. Sasa Mzee alikuwa ameiona freeway, ile barabara kuu ya magari ya kasi, mara moja, akaapa hairudii, na bila Houston hakuna harusi. Ndipo nikanunua gari ambalo nilikuwa nimetazama video za majaribio yake (zile ambazo gari linagongeshwa ukutani upande mmoja tu, kona ya dereva, na sanamu la mtu lililo ndani linabaki zima). Nikajifanya injinia, mimi nesi wa kupima watu presha!

Jumapili baada ya kanisa tukakusanyika kwenye parking ya apatimenti ili gari liombewe. Pasta akalipaka mafuta boneti, usukani, mpaka pedali ("Kila kinachoguswa!" alisema, na mafuta yenyewe yalitoka jikoni kwake). Tukasema amina. Mzee akauliza, "Na likigonga kwa kona tu, kijana?"

Si ningejibu kwa mdomo tu? Lakini Makena alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ingia Mzee, funga mkanda, nikuonyeshe," nia yangu ikiwa kuukaribia polepole ule mlingoti wa manjano kando ya pipa la takataka, nisimame, nimweleze. Nikaliondoa gari, na nilipoukaribia nikakanyaga breki. Wueh! Kiatu cha kanisani kikateleza kwenye yale mafuta, kikatua kwenye aksileta, gari likaruka likaugonga mlingoti kwa kona ya dereva, vilevile kama kwenye video!

Erbegi, ile mifuko ya hewa, zikalipuka. Nikamwona Mzee mweupe pepepe kwa unga wake, kama mtu aliyetoka kukanda chapati, kofia imegeuka nyuma. Aki nilitamani ardhi inimeze. Nje Pasta anakemea mapepo, Makena analia, "Baba!"

Mzee akajipapasa magoti, mbavu, meno. Akafungua mlango, akatoka.

"Gari limefaulu," akasema. "Dereva ndiye ameanguka."

Houston tulifika, Mzee akikubali freeway mradi nisiendeshe mimi: kwa gari kuukuu la Makena, yeye akiendesha, Mzee mbele, mimi nyuma na kreti ya soda magotini. Mzee akaikubali posa kwa sharti moja: funguo zikae kwa binti yake.

Magari bado tunayaombea, ila Pasta akishika chupa mimi hukimbilia kiti cha dereva nikafunika pedali kwa miguu yote miwili. Amina ikishasemwa, nashuka na kumrudishia mke wangu funguo.