Uwamariya na Shimo la Mazuku

Léonie Uwamariya alifiwa na mume wake asubuhi moja ya baridi, nyuma ya nyumba yao huko Mugunga, magharibi mwa Goma. Havugimana alikuwa amemfuata mbuzi aliyeteremka katika shimo pana la mawe ya volkano. Walimkuta amelala kando ya mbuzi wake, hana jeraha wala povu mdomoni, kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Majirani wanapaita mahali kama pale mazuku, upepo mbaya. Lakini Twagirimana, mdogo wa marehemu, hakutaka kusikia habari ya upepo. Uwamariya alikuwa mtengenezaji wa kasiksi, pombe ya ndizi, na asubuhi ile mumewe alikuwa ameionja kabla ya kutoka.

"Upepo gani unachagua mutu mumoja?" Twagirimana aliuliza mbele ya waombolezaji. "Muulize huyu mwanamuke aliweka nini katika pombe."

Uwamariya hakuwa na wa kumtetea pale. Ndugu za Uwamariya walikuwa mbali, katika milima ya Masisi, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Jolie, mke wa Twagirimana, alimnong'oneza Uwamariya kwamba ingekuwa heri ahame.

"Siendi mahali," Uwamariya alisema. "Nikienda bila kujua ni nini ilimuua, nitakuwa nimekubali ni mimi."

Alikuwa ameacha shule katikati ya sekondari. Sasa, akiwa na watoto wakubwa, akajiandikisha katika masomo ya watu wazima huko Himbi, mjini Goma. Asubuhi alimenya ndizi, mchana alipanda pikipiki kwenda darasani.

Mwalimu wa biolojia aliitwa Modeste Ndagijimana. Siku moja alichora ubaoni seli mbili: bakteria, kijifuko kidogo kisicho na kiini, na seli ya mwili wa mtu, yenye kiini na vyumba vingi ndani. Akaeleza kwamba seli zetu haziishi bila oksijeni. Uwamariya akainua mkono.

"Prof, mimi nafungaka kasiksi katika bidon, dumu ya plastiki. Hewa haiingie. Lakini mule ndani kunachemuka tu. Kitu gani inaishi mule?"

Wenzake walicheka. Modeste hakucheka, aliweka chaki chini.

"Ni hamira, Mama Léonie. Na hamira iko na kiini, sawa na seli zako. Ikipata oksijeni, inaitumia. Ikikosa, inakula sukari ya ndizi bila kuimaliza vizuri. Inapata nguvu kidogo, na inatupa pombe na gazi, ile hewa ya mapovu."

"Basi si lazima oksijeni."

"Inategemea nani. Chini kabisa ya ziwa letu oksijeni hakuna, na bakteria ziko mule zinaishi. Zingine ukizipa oksijeni, unaziua. Lakini sisi seli zetu ziko na njaa kubwa. Musuli unaweza kuvumilia kidogo wakati unakimbia. Ubongo hauvumilie. Dakika chache, basi."

"Na ile gazi ya kasiksi?"

"Ni nzito kuliko hewa. Ndiyo ile ile inatoka chini ya volkano na kulala katika mashimo ya kwenu. Inafukuza oksijeni, na ikiwa mingi yenyewe inaangusha mutu."

Uwamariya hakuandika neno lolote tena siku hiyo. Akilini mwake alimwona Havugimana akiinama kumshika mbuzi.

Kesho yake, kabla jua halijapasha mawe, alifunga mshumaa kwenye mwanzi mrefu na kuwaita majirani. Aliuteremsha polepole shimoni. Ulipofika usawa wa magoti ya mtu aliyesimama shimoni, moto ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika pale pale.

"Mahali moto unakosa hewa, na mutu anakosa," alisema. "Havugimana aliinama."

"Ni upepo umeuzima," Twagirimana alisema, ingawa majani ya migomba hayakutikisika. Akaenda zake.

Uwamariya akaanza kujenga ukuta kuzunguka shimo, peke yake, kwa mawe meusi yanayochana mikono. Wengine walimwambia anapoteza muda. Aliendelea.

Ukuta ulikuwa bado haujafunga upande mmoja aliposikia Jolie akilia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Ndama wa Twagirimana alikuwa amepita kwenye pengo, naye Twagirimana akamfuata, akainama, akaanguka. Wanaume wawili walikuwa tayari kuruka ndani.

"Musiingie," Uwamariya aliwaambia. "Mutalala pale pamoja naye. Mulete kamba za ngombe."

Kamba moja alijifunga kiunoni na kuwapa waishike. "Mukiona nimeanguka, muvute tu." Nyingine aliishika mkononi. Akajaza kifua hewa, akafunga mdomo, akashuka. Mara ya kwanza alifika, akaushika mkono wa shemeji yake, lakini kifua kikaanza kumuwaka. Alipanda juu, akapumua, akarudi. Safari hii alipitisha kamba chini ya makwapa ya Twagirimana na kuikaza. Wakamburuta juu ya mawe, nguo zikachanika. Uwamariya alipanda nyuma yake.

Twagirimana alikuwa na rangi ya majivu. Kisha akakohoa, akavuta pumzi ndefu yenye sauti. Walimkimbiza hospitalini kwa pikipiki. Ndama alikufa.

Kichwa kilimuuma Twagirimana kwa majuma. Aliporudi kutoka hospitalini, hakuomba msamaha. Alikuja na toroli la mawe, akaanza kuziba pengo, na Uwamariya akampangia mawe. Familia ilipokusanyika kumkumbuka marehemu, Twagirimana alisimama.

"Kaka yangu aliuawa na mazuku," alisema. "Si pombe. Mimi mwenyewe niliingia mule." Akaketi. Uwamariya akajifunika uso kwa kitenge na kulia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wale.

Mtihani wa serikali ulimshinda Uwamariya kwenye hesabu. Biolojia alifaulu. Amejiandikisha tena, na wakimbizi wapya wakifika Mugunga kutoka Kiwanja, yeye huwapitisha na mwanzi wake wenye mshumaa, akiwaonyesha mahali pa kujenga na mahali pa kuepuka.