Rock ya mzee, tempo ya mguu wake

Niaje wakuu. Hii imenitokea mwenyewe, na anayebisha, kanisa zima lilikuwa hapo.

Mimi hupiga bass kwa band ya kanisa letu, Kaloleni. Mzee wangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na tangu nikiwa mdogo wimbo wake ni mmoja tu: rock ya zamani ya wazungu. Jina sitaji. Nawajua, mtaacha story yangu muanze kubishana kuhusu magitaa.

Ni wimbo wa kasi. Key ni A minor, mwimbaji anapiga kelele huko juu, na gitaa lina hasira mwanzo mpaka mwisho.

Basi dadangu Nekesa akapata mchumba, akasema ataingia kanisani na huo wimbo, ameshikwa mkono na baba. Pasta tulimwambia ni muziki mtupu bila maneno. Hakuuliza zaidi, nasi hatukuongeza.

Shida ilikuwa mguu. Mzee aligongwa na bodaboda, na tangu hapo mguu wa kulia anauburuta. Anatembea na mkongojo.

Rehearsal ya kwanza tulifanyia social hall. Tukapiga wimbo vile ulivyo. Maids wa bibi harusi wakacheza mpaka mbele, wimbo ukaisha, na mzee na Nekesa bado wako katikati ya hall.

Mzee akaketi kwa benchi.

"Nekesa apelekwe na mjomba wake. Mimi nitakaa mbele, nitawaona tu vizuri."

"Baba, kama si wewe, naingia peke yangu," Nekesa akasema.

Mzee wangu akisema hapana, huwa ni hapana. Niliumia sana, sitadanganya.

Kesho yake nikamwambia Kamau, drummer wetu, tupunguze tempo karibu nusu. Tukashusha pia key mpaka E minor, kwa sababu mzee ana sauti nzito na nilitaka aweze kuufuatisha kwa chini chini.

Senge, ndivyo kwetu tunaita shangazi, dadake baba, alikuwa amekuja kutusikiliza. Hata hatukumaliza verse.

"Hii ni harusi ama ni matanga? Nani amekufa?"

Alikuwa na haki. Minor ukiivuta hivyo, inaanza kulia yenyewe. Nikaweka bass chini, nimeishiwa.

Kamau naye alikuwa amesimama mlangoni. Huyu jamaa hanisikilizi hata siku moja, drummers mnajijua. Nje, mzee alikuwa anavuka uwanja akienda dukani.

"Msee, cheki vile buda anatembea. Hiyo si moja mbili, moja mbili. Ni ndeeefu, fupi. Ndeeefu, fupi." Akaanza kugonga mlango wa watu.

Kumbe mzee ana beat yake. Mguu mzima unakaa chini muda mrefu, ule mbaya unagusa tu na kuondoka. Wanamuziki mnaijua, hiyo ni shuffle. Tukaupanga wimbo upya hivyo. Chords zile zile, minor ile ile, tempo ile ya polepole, lakini sasa ulikuwa unabembea, na Senge mwenyewe alianza kutikisa mabega bila kutaka.

Mzee hatukumweleza kitu. Tulimwita hall, Nekesa akamshika mkono, tukaanza.

"Huu ni ule wangu?" akauliza.

"Ni wako, baba."

Akasikiliza kidogo. Halafu akapiga hatua.

Siku ya harusi Kamau hakuniangalia mimi wala pasta. Aliangalia kiatu cha mzee. Katikati ya kanisa mzee akasimama apumue, tukashika chord moja tukamngoja. Alipoendelea, tukaendelea. Na alikuwa anaimba kwa chini, wakuu, nilimwona midomo. Nilikosea nota mbili hapo na sijali.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tunamlazimisha mzee aufikie wimbo, na wimbo ndio ulikuwa na uwezo wa kumngoja.

Juzi ile original ikapigwa kwa redio, mzee akiwa kwa kiti chake. Nikamwongezea sauti nikidhani atafurahi. Akasikiliza, akakunja uso.

"Hawa wanakimbilia wapi?" akasema, na akazima.

Haya, nyinyi mliingia harusi na wimbo gani, na nani alikuwa amewashika mkono? Drummers nimewaheshimu leo tu, msizoee.