Kikombe Kisichotikiswa

Mwezi uliopita nililala mjini Ibra, katika nyumba niliyokulia, kama mgeni. Siku hizi ni hoteli ndogo ya watalii. Mlangoni kuna kibao chenye historia yake: kinamtaja mjomba wangu, kisha mfanyabiashara aliyeinunua kwake. Bibi yangu hayumo.

Mimi naijua hivi. Bibi na babu walivuka bahari kutoka Unguja, wakarudi Ibra kwa Waarabu wenzao, wakafungua vyumba vya kulaza wasafiri waendao Sur, pwani. Babu alipofariki, bibi aliiandikisha nyumba kwa jina la mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, amsaidie mambo ya serikalini. Kupika, kutandika na kupokea wageni kulibaki kwake. Alfajiri nyumba nzima ilinukia iliki na mikate ya kumimina. Mimi nilipanga tende sahanini na kumimina kahawa. Bibi alinifunza: mgeni akikitikisa kikombe, ametosheka, asipokitikisa, endelea kummiminia, hata dele la kahawa likauke.

Mwaka mmoja tulikwenda Nizwa kumuuguza dada yake. Tuliporudi, mlango ulifunguliwa na mtu tusiyemjua. Ndani aliketi mjomba, macho kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama. Nyumba nimeshaiuza. Wallahi nilitaka kukwambia ukirudi."

"Basi nimesharudi."

Yule mnunuzi, kwa aibu, alifanya linalompasa mwenyeji: alimkaribisha bibi, akamwekea tende, akammiminia kahawa. Bibi akanywa, akanyoosha kikombe bila kukitikisa. Akamiminiwa tena. Na tena. Dele likakauka, likaletwa jingine. Hakuna aliyethubutu kuinuka.

"Mama, tikisa basi," mjomba akanong'ona. "Unatuaibisha."

"Sijatosheka, mwanangu. Wewe umeshatosheka?"

Ilipoadhiniwa magharibi, bibi alikiweka kikombe chini bila kukitikisa, akasali chumbani mwake, kisha tukaenda kwa shangazi yangu, katika mji wa Al Qabil. Hakunywa tena kahawa mbele ya mwanawe, hata siku za Idi.

Mwezi uliopita, asubuhi hotelini, binti wa mapokezi alinimiminia kahawa. Aliniambia, kwa Kiswahili cha kubahatisha, kuwa bibi yake naye ni mtu wa Zanzibar. Nikanywa, nikanyoosha kikombe bila kukitikisa, nikangoja.

"Nzuri, ami? Kikombe hii nachukua?"

Akakipokea kwa adabu, kwa mikono miwili, akaenda kukiosha.