Verla Alivyombadilisha Mdogo Wake

Verla Stutzman aliendesha basi la shule la mji wa Millrace, Indiana, kwa miaka ishirini na sita, na hakuchelewa hata siku za theluji ya magotini. Jambo moja tu lilimshinda: Ghala, timu ya mpira wa kikapu ya wafanyakazi wa ghala la mahindi, aliyoachiwa na marehemu mumewe awe kocha wake. Misimu mitatu mfululizo ilishika mkia, na kanuni ya ligi haikuwa na huruma: ukishika mkia mara nne, timu inafutwa.

Nyota wa Ghala alikuwa Denny, mdogo wake Verla wa tumbo moja. Denny alifunga pointi thelathini kila mechi, na Ghala ilifungwa kila mechi. Mji ulimshangilia tu, kwani Indiana mtu mwenye shabaha husamehewa hata asipoonekana kanisani. Ni Verla peke yake aliyewaona wenzake Denny wanne wamesimama mikono kiunoni, wakimtazama.

Jumapili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, makocha hukutana ukumbi wa chini wa kanisa kubadilishana wachezaji, kila mmoja na pai yake. Wawili wakielewana, kila mmoja hula kipande cha pai ya mwenzake, na hapo hakuna kurudi nyuma. Verla akaitua pai yake ya malenge mbele ya Roland Beck, mwenye duka la misumari na kocha wa timu ya Nyundo.

"Nakupa Denny. Nipe Curt na Amos."

Ukumbi ukaangua kicheko. Curt alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mrefu, mzito, aliyekuja mechini akinuka zizi. Amos alikuwa tarishi wa miaka arobaini na minne, na msimu mzima alifunga pointi kumi na moja.

"Verla, unatoa dhahabu unachukua mabati!" mtu akapaza sauti.

"Mvua ikinyesha utalala chini ya dhahabu?" Verla akamjibu. "Ng'ombe huuzwa angali na maziwa. Roland, unakula au huli?"

Roland alikula. Akaomba na kipande cha pili.

Siku ya Shukrani, ndugu wanapokula bata mzinga pamoja, Denny hakutokea kwa dada yake. Alipiga simu. "Dada, umenitoa kwa mpeleka barua?"

"Nimeitengeneza timu, mdogo wangu."

"Haya, tutaonana uwanjani." Akakata.

Verla alimkata bata mzinga huku machozi yakimtoka. Kiti kitupu cha Denny kilimuuma kuliko kushika mkia.

Ghala ilipoteza mechi tatu za kwanza, na watu wakamsimanga kila alipojaza mafuta. Kisha mambo yakageuka. Curt aliokota kila mpira uliogonga ubao, na Amos, aliyezoea kufikisha mzigo kwa mwenyewe, alimpasia yeyote aliyekuwa peke yake. Wale wanne wa mikono kiunoni wakaanza kukimbia. Huko Nyundo, Denny alifunga pointi thelathini, na wenzake wapya wakashika viuno.

Mechi ya mwisho, mwezi Februari, iliwakutanisha Ghala na Nyundo, timu mbili za chini kabisa. Atakayefungwa ndiye atakayeshika mkia.

Sekunde nane zilibaki, Ghala wakiongoza kwa pointi moja, mpira ukiwa kwa Denny. Verla alimjua tangu wakicheza kwenye ukuta wa banda la baba yao: akibanwa, hukimbilia kushoto.

"Curt! Kushoto kwako... hapana, kushoto kwake!"

Curt akajikokota hadi pale. Denny akaruka, akatupa, na mkono ule wa kukamua maziwa ukaupiga mpira chini. Amos akaudaka na kuukumbatia hadi filimbi ikalia.

Ghala imepona! Watu walimbeba Verla juujuu, na viatu vyake vya theluji vikampiga Roland kichwani.

Alipotuliwa, Denny alikuwa mbele yake, jasho likimtiririka.

"Dada, nirudishe mwakani."

"Kwa nani? Curt simtoi."

Watu wakacheka. Denny hakucheka.

"Mwenzako alikuwa peke yake chini ya kikapu," Verla akasema taratibu. "Hukumwona."

Denny akainamisha kichwa. "Nilimwona, dada."

Verla akamshika shingo na kumvuta kifuani. "Basi sasa unafundishika. Siku ya pai nitamwokea Roland mbili, akurudishe."

Kisha akalipitisha basi lake la shule barabara kuu akipiga honi mwanzo mwisho, Ghala nzima wakiimba ndani, na Denny ameketi kiti cha nyuma ya dereva.